Mwaka wa Magari Mawili

Nasra alifika msibani mchana, mwili wa Masenge ukiwa bado haujatoka hospitali, na wanawake waliokaa mkekani sebuleni wakasogea kumpisha akae karibu na picha ya marehemu. Mimi nilikuwa uani, nimeshika mwiko, nasonga ugali wa waombolezaji. Ndiye mimi niliyekuwa namwogesha Masenge, niliyempeleka kliniki, niliyelala naye wodini mpaka wauguzi wakanijua kwa jina. Lakini alipoingia huyu profesa kutoka Dar es Salaam, na mtandio wake mweusi, akaita kwa sauti, "Masenge! Masenge yangu!", nyumba nzima ililia upya, kama vile kilio tulicholia sisi tangu jana yake asubuhi kilikuwa cha majaribio. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kirundi, na kwetu si neno la kumpa kila mtu. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Yule naye ni mtoto wa marehemu?" Nikamjibu, "Hapana. Aliwahi kukaa hapa mwaka mmoja." Nikarudi kwenye moshi. Kitu nilichodhani kilishakufa kilikuwa kizima kabisa, na nikajua kwamba kabla msiba haujaisha nitakuwa nimeuishi tena mwaka ule wote.

Wakati huo Katavi ilikuwa haijawa mkoa. Nilikuwa nimeshafundisha sekondari miaka kadhaa, nikarudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili, katika tawi la hisabati ambalo watu wakiniuliza nilishindwa kulieleza bila kuchekwa. Ni hisabati ya kugawa kilicho kidogo. Una malori machache na masoko mengi, una madaktari wachache na zamu nyingi; unatafuta mpango ambao hakuna mwingine unaoushinda, kisha unathibitisha kwamba kweli haupo. Huku kwetu kulikuwa na magari mawili ya wagonjwa ya kuwawahisha kina mama wenye uchungu, na mimi nikauliza: yakae wapi? Swali lilikuwa langu. Nililiandika mwenyewe, kwa sababu nimekulia mahali ambapo mwanamke hulazwa kwenye kitanda cha kamba, akabebwa na wanaume wanne, na wote wanatazama barabara. Msimamizi wangu, Dokta Luhende, alilisoma, akavua miwani, akasema, "Yustina, hili ni zuri kuliko unavyofikiri. Ni kubwa mno kwa mtu mmoja." Nilitoka ofisini kwake naona miguu haigusi chini. Sikusikia ile sentensi ya mwisho vizuri. Wiki iliyofuata akaniongezea Nasra.

Nasra alikuwa wa Tanga, mdogo kwangu kwa umri, mwenye alama za juu kuliko sisi wote. Alikuwa na tabia ya kusikiliza tatizo huku amefumba jicho moja, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano, halafu anasema kitu kifupi ambacho mimi ningekifikia baada ya karatasi nyingi. Hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililonisumbua. Mtu mwenye maringo unamchukia mara moja, unamaliza. Halafu palikuwa na jambo jingine. Dokta Luhende alikuwa na nafasi moja ya masomo ya uzamivu nje ya nchi, na alitutangazia sote wawili tukiwa tumeketi bega kwa bega, akidhani anatutia moyo. Nasra alinigeukia akatabasamu. Mimi pia nilitabasamu. Tangu siku ile sikuwahi kumpa nusu ya wazo. Nilisubiri mpaka liwe zima.

Tulipokuja Mpanda kwa kazi ya utafiti tulifikia Shanwe, kwa Masenge, katika nyumba hii hii ya msiba. Alitupa chumba cha mbele, vitanda viwili na meza moja ambayo zamani ilikuwa ya cherehani. Mwanzoni nilijivunia kumleta mgeni wa pwani kwetu, nikamwonyesha soko na stesheni ya treni, nikamfundisha kula isombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika. Lakini kabla mwezi haujaisha nikaanza kuona mambo. Masenge, Mkatoliki wa kwaya, alianza kumpeleka kuku wake kwa mwenye duka jirani, mzee wa Kiislamu, achinjwe huko ili Nasra aweze kula. Mimi kuku wa Masenge nilikuwa namla Krismasi. Jioni wakati wa kuchambua maharage alimwambia, "Hebu sema tena."

"Niseme nini, Masenge?"

"Chochote. Nyie watu wa pwani mnaongea kama mnaimba kanisani."

"Mimi tena, kanisani?" Nasra akacheka, na Masenge akacheka mpaka akashika ubavu, maharage yakamwagika. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Nilikuwa nimeongea siku nzima, na hakuna aliyetaka niseme tena. Leo najiuliza kama Masenge aliwahi kuniona siku zile nikiwa nimeinama juu ya ungo, napekua mawe ambayo hayakuwepo. Alikuwa mwanamke wa kuona mengi na kusema machache. Lakini mtoto wa ndugu yako unamzoea, na mgeni kila siku ni mgeni.

Kazi yetu ilikuwa kupima barabara. Tulipanda malori, pikipiki, magari ya misheni, chochote kilichokuwa kinakwenda, tukiandika safari inachukua muda gani kiangazi, tukijua tutarudi kuipima tena masika. Tulikwenda Inyonga upande wa mashariki, tukaenda Litapunga, ambako Agripina, binti wa Masenge, alikuwa ameolewa. Safari ya Karema ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Muuguzi wa zahanati alitukaribisha migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, na tulikuwa bado tunanyonya miiba wakati mwanamke mmoja mjamzito aliposhushwa kwenye mtumbwi wa injini, akaketi kwenye baraza ya zahanati akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. Alituona na makaratasi yetu akadhani sisi ni serikali. "Gari linakuja lini?" akauliza. Gari lilikuwa limeitwa kutoka Mpanda asubuhi. Tulipoondoka alasiri lilikuwa halijafika, na lori lilipokuwa linapanda milima Nasra akaniuliza, "Kwenye hesabu yako, yule mama ni nani?"

Nilimweleza, ingawa alijua. Mpango wangu ulitafuta wastani mdogo kabisa. Unachukua kila mwanamke wa wilaya, unajumlisha muda wote watakaosubiri, unaweka magari pale ambapo jumla hiyo inakuwa ndogo kuliko popote. Nilikuwa nimeshapata jibu: gari moja mjini Mpanda, jingine Litapunga, kwa kuwa watu wengi wako huko. "Yule ni mmoja kati ya wengi," nikasema.

"Mimi nataka kuanzia kwake," akasema Nasra. "Nimtafute anayesubiri kuliko wote, nipunguze muda wa huyo. Wengine baadaye." Kwa hesabu yake gari la pili lilikaa Karema.

Hakuna aliyekosea kati yetu. Wanafunzi wa fani yetu dunia nzima wanajua njia hizo mbili, na wanajua haziendi sehemu moja. Lakini kwangu mimi haikuwa njia mbili; ilikuwa Yustina na Nasra. Watu wakaanza kunong'ona mjini kwamba Yustina amelipeleka gari kwao, kwa shemeji zake. Nasra aliposikia alikasirika kwa niaba yangu, akawatetea hadharani wale wa Litapunga na hesabu yangu pia. Nilimchukia zaidi kwa hilo. Nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho yeye hajakigusa, hata kama ni kusingiziwa.

Siku moja Dokta Luhende alikuja kutukagua. Masenge alimwekea kiti barazani na chai ya tangawizi, Nasra akakaa naye, mimi nikaingia jikoni kuchukua mihogo ya kuchemsha. Dirisha la jikoni linatazama baraza. Nilikuwa natafuta sahani niliposikia Dokta akisema, taratibu, kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa: "Mnafaa kufanya kazi pamoja. Yustina anaijua nchi. Wewe unajua hesabu." Nilisubiri Nasra aseme kitu. Alisema, "Yustina anajua hesabu pia, Dokta." Pia. Nilisimama na sahani ya mihogo mkononi mpaka mvuke ukaisha. Kisha nikaipeleka, nikawakaribisha wale, na Dokta akanisifia mihogo.

Ofisi ya afya ilituita kueleza mipango yote miwili, katika ukumbi wenye viti vya plastiki, mbele ya waganga na madiwani. Nilieleza wa kwanza. Nilikuwa na ramani nzuri na namba zangu zilikuwa safi. Nilipomaliza, diwani mmoja wa upande wa ziwa akauliza, "Kwa hiyo wa kwetu asubiri mpaka lini?" Nikamjibu kwamba kwa wastani muda wa kusubiri utapungua. Akasema, "Wastani sijawahi kumuona akijifungua." Ukumbi ulicheka. Nasra hakucheka. Aliposimama alianza na yule mama wa mtumbwini, akasimulia jinsi alivyoshika kiuno, na nilipoinua macho niliona watu wameacha kujipepea kwa makaratasi. Mpango wake ulipita. Nilimpa mkono. Nyumbani Masenge alikuwa amepika wali, na aliweka sahani mbili sawasawa, nyama sawasawa, nikaona jinsi alivyojitahidi kupima, na kule kujitahidi kwake kuliniuma kuliko kama angempa Nasra yote.

Masika yakaja. Habari ya kwanza ilitoka Karema: mwanamke aliyekuwa amevuja damu nyingi alifikishwa hospitali akiwa hai, na mtoto wake hai, kwa sababu gari lilikuwa palepale. Muuguzi alipiga simu kumpa Nasra pongezi. Masenge alipiga vigelegele uani, majirani wakauliza kuna harusi gani. Nilipiga makofi pamoja nao na nilikuwa nafurahi kweli, maana mtu aliyepona amepona. Lakini ndani yangu kulikuwa na sauti nyembamba ikiuliza kwa nini hakupona kwenye mpango wangu.

Halafu ikawa zamu ya Agripina. Uchungu ulimshika asubuhi Litapunga, mtoto amekaa vibaya. Mumewe alipiga simu. Gari la Karema lilikuwa Karema, na la mjini lilikuwa limekwenda Inyonga kumchukua mama mwingine, na barabara ilikuwa tope tupu. Wakampakia kwenye tela la trekta la jirani, wakamfunika turubai. Walipofika hospitali Mpanda sisi tulikuwa tumeshafika, mimi, Masenge na Nasra. Agripina alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Namkumbuka Masenge akimpokea amefungwa kwenye kitenge, anamfunua uso, anamtazama muda mrefu kama anayetafuta amefanana na nani.

Tulirudi Shanwe jioni hiyo. Ndugu wa mumewe Agripina walikuwa wamekuja, wamejaa sebuleni, na mimi nilikuwa na sentensi moja mdomoni. Haikuwa ya uongo. Kwa mpango wangu gari lingekuwa Litapunga. Nilikuwa nailamba ile sentensi kama pipi, huku namlilia mtoto. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, na sijawahi kuelewa vilipatanaje. Nilikuwa nimeshaamua kutoisema. Ndipo Nasra akasimama katikati ya watu, uso umevimba kwa kulia, akasema, "Jamani, kwa hesabu ya Yustina gari lingekuwa kwenu. Lile la Karema ni mimi niliyelipeleka." Shemeji yake Agripina alitaka kuongea, Masenge akainua mkono.

"Na yule wa Karema?" akauliza Masenge. "Yule mliyeniona nampigia vigelegele. Angekuwa wapi?" Akamvuta Nasra, akamkalisha chini karibu naye, akamwegemeza begani. "Magari ni mawili, mwanangu. Hujayatengeneza wewe. Usilie hivyo."

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Bibi aliyefiwa na mjukuu siku hiyo alikuwa anambembeleza Nasra, na mimi, niliyekuwa sahihi, sikuwa na bega. Hata ile sentensi yangu alikuwa ameisema yeye, akaisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi, na ikamfanya apendwe. Nilitoka nikakaa uani kwenye kinu kilichogeuzwa. Nafikiri sijawahi kumwonea wivu binadamu yeyote kama nilivyomwonea Nasra wakati ule, nao ulikuwa wivu wa kuona mtu amepata bega la kulilia tu.

Nasra hakushika kalamu kwa siku nyingi. Alilala ameukabili ukuta. Masenge alimpelekea uji, akarudi nao. Mimi ndiye niliyebaki mezani na namba zetu za masika, na nilianza kuzipanga upya kwa sababu ambayo haikuwa nzuri wala mbaya: nilitaka kuona kwa macho yangu ni nani alikuwa na haki. Nilijaribu gari huku, gari kule. Nikalihamisha la mjini, Inyonga ikapotea. Nikaliweka katikati, zikapotea zote. Nilihamisha mpaka nikachoka, halafu asubuhi moja, mvua inapiga bati na Masenge anachekecha unga, nikaacha kuhamisha nikatazama sehemu tatu tu: Karema, Litapunga, Inyonga. Masika hakuna mahali popote pa kulaza gari ambapo linaweza kuwahi mbili kati ya hizo tatu kwa muda ambao mama anayevuja damu anaweza kusubiri. Kila gari linawahi moja. Sehemu ni tatu, magari ni mawili. Basi mpango wowote ule, wangu, wa Nasra, wa mtu atakayezaliwa kesho, lazima umwache mtu. Haikuhitaji kompyuta. Ilijaa nusu ukurasa.

Nilielewa kabla sijamaliza kuiandika kwamba inamfungua Nasra. Na inaniondolea mimi ile sentensi yangu, maana mpango wangu ungemzika yule mama wa Karema. Nilikaa nayo kidogo. Kisha nikaingia chumbani nikaiweka kwenye mto wake, nikasema, "Soma."

Alisoma amelala. Akasoma tena amekaa. Akafumba jicho moja, akafumbua. "Yustina," akasema, "hii ni ya nani?"

"Yangu."

Alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Siku hiyo alikunywa uji. Masenge alikuja mlangoni kuchukua kikombe, akakiona kitupu, akanitazama mimi badala ya Nasra, akasema kwa Kirundi neno moja tu, asante. Nililihifadhi.

Tuliipeleka ile nusu ukurasa kwa ofisi ya afya. Yule diwani wa ziwani aliielewa kabla ya waganga, akaibeba kwenye kila kikao akihesabu kwa vidole vitatu, na baada ya muda gari la tatu lilipatikana. Ningependa kusema kwamba nafasi ya uzamivu nayo ilikuja kwangu. Ilikwenda kwa Nasra. Dokta Luhende aliniita akanieleza kwa upole kwamba kazi yangu ni nzuri sana na kwamba huku nyumbani wananihitaji. Makala yetu ilitoka, jina la Nasra limetangulia, na hoja yangu iko ndani yake kama hatua ndogo kuelekea matokeo makubwa ya kwake. Hayo matokeo nimeyasoma. Ni mazuri. Nilirudi Mpanda kufundisha, nikamtunza Masenge, na Nasra alikuwa anampigia simu kila Ijumaa. Niliposikia simu inaita Ijumaa nilitoka nikaenda uani.

Tulimzika Masenge siku ya tatu ya msiba. Baada ya maziko watu wa mbali walikaa barazani kula, akiwemo mwalimu Kweka, mhadhiri wa makamo aliyekuja na Nasra wakipokezana usukani. Agripina, ambaye sasa ana watoto wakubwa, aliita kutoka ndani, "Yustina, wapelekee wageni maji ya kunawa." Nikaja na jagi na beseni. Kweka alinyoosha mikono, halafu akaiacha hewani.

"Samahani, dada. Unafundisha?"

"Hesabu. Sekondari."

Akamgeukia Nasra. "Profesa, usiniambie ndiye huyu."

"Ndiye," akasema Nasra, anatazama sahani yake.

"Nafundisha Hoja ya Yustina kila mwaka!" Kweka alisema kwa sauti mpaka wazee wakageuka. "Magari mawili, sehemu tatu. Wiki ya kwanza kabisa. Na wenzangu wa vyuo vingine wanaifundisha, mpaka nje huko. Mimi siku zote nilidhani Yustina ni mzungu wa zamani, alishakufa."

Watu walicheka, ingawa ulikuwa msiba. Nilimtazama Nasra. "Hukuniambia."

"Ulikuwa hushiki simu," akasema.

Niliwamiminia maji, yeye na Kweka, mpaka beseni likajaa. Nikaviona vyumba vya madarasa ambavyo sijawahi kuingia, mbao pana, madirisha yanayotazama theluji labda, na mkono wa mtu nisiyemjua unaandika jina Yustina kwa chaki, unalifuta, unaliandika tena mwaka unaofuata. Lilikuwa limesafiri kote huko, limeheshimiwa, limefahamika, bila mimi. Nikasimama pale na beseni la maji machafu mikononi, nikalionea wivu jina langu mwenyewe.